Mkono Ukishuka, Ndiyo Mwili Umesema?

Unanyoosha mkono mbele, usawa wa bega. Mkono wa pili unashika kichupa cha vitamini. Mpimaji anakwambia "kaza", kisha anabonyeza karibu na kiganja. Mkono ukibaki juu, mwili unakitaka kidonge hicho, ukishuka, unakikataa. Ndivyo wanavyoeleza wanaotumia mbinu hii, iitwayo kwa Kiingereza applied kinesiology.

Dhana: "Mbona hata hospitali wanapima misuli?"

Wanapima, na hapo ndipo wengi hunaswa. Mtaalamu wa fiziotherapia hupima mguu wa mgonjwa wa kiharusi na kuupa alama: 0 msuli haujikazi kabisa, 3 anauinua lakini ukisukumwa kidogo tu unashuka, 5 nguvu kamili. Anachotafuta ni hali ya msuli huo na neva zake, basi. Kuuliza habari za ini au upungufu wa zinki kupitia bega ni jambo jingine kabisa. Lilianza mwaka 1964 na George Goodheart, tabibu wa kiropraktiki (tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono) wa Detroit, Marekani.

Dhana: "Mkono wangu ulishuka wenyewe, sikuigiza."

Hukuigiza, na huenda mpimaji naye hakukudanganya. Mwaka 1852 Mwingereza William Carpenter alieleza kwamba mtu akitarajia jambo, misuli yake inaweza kulifuata bila yeye kukusudia. Hapa mnaotarajia ni wawili. Halafu kuna ufundi wa kubonyeza: ukisogeza vidole kutoka kwenye kiwiko kwenda kwenye kiganja, nguvu kidogo tu inatosha kuushusha mkono uleule. Ukibonyeza ghafla kabla mwenzako hajakaza, unashuka. Ukirudia mara kadhaa, umeshachoka. Jaribuni nyumbani bila kichupa chochote, mtaona.

Dhana: "Imeshathibitishwa."

Imejaribiwa, ikaanguka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1988 uliwachukua wapimaji wazoefu 3 na watu 11, ukaangalia virutubisho vinne: vitamini A, B1, C na zinki. Wapimaji hawakukubaliana wao kwa wao, wala majibu yao hayakulingana na ya maabara.

Kisa ninachokipenda zaidi amekisimulia mwanasaikolojia Ray Hyman. Matabibu wa kiropraktiki waliweka tone la glukosi ulimini mwa watu, mikono ikashuka. Wakaweka fruktosi, sukari ya matunda waliyoiona njema, ikasimama. Kisha majimaji yakatiwa kwenye mirija yenye namba tu, ikawa si mpimaji wala mpimwa anayejua kipi ni kipi. Tofauti ikatoweka. Mkuu wao akasema ndiyo maana waliacha kupima kwa njia hiyo, kwa sababu haifanyi kazi kamwe! Yaani kwake yeye lenye kasoro lilikuwa jaribio, si mbinu.

Dhana: "Hata kama si kweli, haina madhara."

Kubonyezwa mkono hakuumizi. Linaloumiza ni linalofuata. Kuna wanaompima mtoto mchanga kupitia mkono wa mama yake: mama anamshika mtoto, mkono wa mama unabonyezwa, na mtoto anaambiwa ana aleji ya maziwa, mayai na ngano kwa mpigo. Mtoto anayekua akinyimwa vyote hivyo bila sababu, lishe yake inayumba. Na mwenye aleji ya kweli ya karanga akiambiwa yuko salama, maisha yake yako hatarini. Mtu mzima naye anaondoka na mfuko wa vidonge, mara nyingi kutoka kwa huyohuyo aliyempima, wakati uchovu wake ungeweza kuwa upungufu wa damu, kisukari au tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo.

Yote hayo yana vipimo vyake. Damu kidogo huonyesha kiwango cha hemoglobini, akiba ya madini ya chuma, sukari na homoni za tezi. Aleji ya chakula huanza kuchunguzwa kwa maswali: ulikula nini, baada ya muda gani ngozi ikawasha au midomo ikavimba. Baada ya hapo ndipo huja kipimo cha kudunga ngozi kidogo au cha damu, na pale panapobaki shaka, mgonjwa huonjeshwa chakula chenyewe kidogokidogo mbele ya daktari aliye na dawa ya dharura tayari.