Mwezi wa Pasaka hauko angani, jamani

Wiki hii tena nimeandikiwa, mara ya ngapi sijui, eti kalenda yangu ya sikukuu imekosea Pasaka. Ushahidi? Jamaa kaangalia kwenye simu mwezi mpevu wa kwanza baada ya mchana na usiku kulingana mwezi Machi, kahesabu mpaka Jumapili inayofuata, kaona haifanani na niliyoweka mimi, basi kesi imekwisha, mimi ndo mwongo.

Sasa sikia. Chukua 2019. Mchana na usiku vililingana tarehe 20 Machi, mwezi ukapevuka tarehe 21, Alhamisi, kwa saa za Greenwich. Kwa hesabu ya jamaa Pasaka ilikuwa 24 Machi. Watu walisali lini? 21 Aprili! Kwa sababu kanisa halichungulii dirishani, lina jedwali lake la kukadiria mwezi, la mzunguko wa miaka 19, na kwenye jedwali hilo mwezi ulipevuka tarehe 20 Machi, wakati sheria inataka kuanzia tarehe 21, na hiyo 21, inayohesabiwa kama siku ya mlingano, imegandishwa, jua lifanye litakavyo. Siku moja tu! Ikabidi usubiriwe mwezi unaofuata, wa 18 Aprili. Yaani ni mwezi wa kwenye karatasi. Na Waorthodoksi wengi wana karatasi nyingine, ya kalenda ya kale ya Juliasi, ndo maana 2024 Wakatoliki na Waprotestanti walikula Pasaka 31 Machi na Ethiopia 5 Mei, halafu 2025 wote wakakutana 20 Aprili.

Ukitaka wanaofuata anga kweli nenda Japani, siku mbili za mlingano wa mchana na usiku ni mapumziko, wanaastronomia wanapiga hesabu na serikali inatangaza Februari ya mwaka unaotangulia. Safi kabisa, natamani wote wangekuwa hivyo.

Idd ndo inaninyima usingizi. Uturuki wanapiga hesabu mapema, Moroko wanasubiri macho yaone mwandamo, kwa hiyo hesabu yangu inaweza kujua mwezi umezaliwa dakika gani na bado isijue kesho ni sikukuu au ni kufunga siku moja zaidi. Naandika "inatarajiwa". Sina hakika kama ni uungwana au najikinga tu, maana hilo neno hakuna anayelisoma.

Siku za kufidia, yaani pale sikukuu ikiangukia wikendi mapumziko yanahamishwa, sitaki hata kuanza, maana tarehe 1 Januari 2022 ilikuwa Jumamosi, Uingereza wakapumzika Jumatatu ya tarehe 3, wafanyakazi wa serikali kuu Marekani wakarudishwa nyuma Ijumaa, 31 Desemba 2021, na programu yangu mwenyewe, niliyoiandika mimi mjuaji, ilikuwa inatafuta sikukuu kwa mwaka wa tarehe ya mapumziko, kwa hiyo kwa Marekani 2022 ikatoka haina Mwaka Mpya kabisa. Hilo hakuna aliyeniandikia.