Duara katikati ya mstari wa mawimbi

Juzi asubuhi, katika daladala iliyokwama Mwenge, mzee aliyeketi kando yangu aliitazama karatasi niliyokuwa nikichorea, akaniuliza kama mimi ni fundi bomba na kama lile duara la katikati ni pampu. Swali lake lilikuwa la haki, kwani mistari miwili iliyounganishwa na mstari mmoja wa mawimbi inafanana kweli na ramani ya mabomba. Nilimjibu kwamba mistari ile ni elektroni mbili na ule wa mawimbi ni fotoni, yaani chembe ya nuru, inayopita kati yao, nikashuka bila kumwambia kwamba jibu hilo ni nusu tu.

Michoro hii, ambayo mwanafizikia Richard Feynman aliichapisha mwaka 1949, haionyeshi njia iliyopitwa na chembe, ingawa hata wanafunzi wangu wa fizikia wa mwaka wa tatu huisoma hivyo. Ni hesabu iliyofupishwa: kila mstari, na kila fundo ambapo mistari hukutana, husimama badala ya kipande cha mlinganyo. Chembe haichagui mchoro mmoja; michoro yote yenye mwanzo na mwisho uleule hujumlishwa kwanza, ndipo uwezekano wa tukio upatikane.

Michoro hiyo haina mwisho, lakini katika sumakuumeme kila jozi ya mafundo inayoongezwa huleta kizidishi cha takriban 1/137, hivyo michoro tata huchangia kidogo. Taabu ni wingi wake. Sahihisho la kwanza la usumaku wa elektroni, ambalo ni takriban 0.00116 ya thamani yake ya msingi, linahitaji mchoro mmoja (mwanafizikia Julian Schwinger alilipata mwaka 1948 bila kuchora chochote). La pili linahitaji 7, la tatu 72, la nne 891, na la tano 12,672. Kwa kwaki, chembe ndogo zilizofungwa ndani ya protoni, kizidishi si kidogo, na njia hii haifai.

Kwa hiyo siku yangu hupita katika kukagua alama za kujumlisha na kutoa. Lile duara, ambalo ni elektroni na positroni (pacha wake mwenye chaji chanya) zinazozaliwa na kuangamizana, hudai alama ya kutoa. Nilikuwa nimeisahau, na sikuigundua hadi saa kumi jioni, ubao ukiwa umejaa.