Gita linapiga bzzz? Weka chini kwanza hiyo alenki

Wiki hii peke yake wamekuja watatu na wote wimbo ni uleule: "Fundi, gita linapiga bzzz, shingo imepinda, nimekaza trasirodi kidogo lakini ndo imezidi." (Trasirodi ni kile chuma kirefu ndani ya shingo, kinakazwa na kulegezwa kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita.) Kwanza hiyo kidogo huwa sio kidogo. Pili, umejuaje shingo imepinda? Umepima? Hajapima, kaona alenki inaingia akaanza kuzungusha.

Hii ndo inanimaliza kuliko zote. Watu wameaminishwa kwamba shingo isiyo na kosa ni ile iliyonyooka kama rula na trasirodi ni skrubu ya kupandisha na kushusha nyuzi. Yote mawili hapana. Uzi ukipigwa unacheza huku na huku, na unatanuka zaidi katikati, kwa hiyo shingo inatakiwa iwe na kabonde kadogo sana ili uzi upate pa kuchezea. Seti ya nyuzi za gita la umeme ya 9 kwa 42 (unene wa uzi mwembamba na mnene kabisa, kwa elfu za inchi) ikityuniwa kawaida inavuta karibu kilo 39, inataka kuikunja shingo kwa mbele, na trasirodi imelala ndani ya mbao inavuta kwa nyuma, kazi yake ni huo mvutano tu basi. Ukikaza, bonde linapungua, ukizidisha shingo inabinuka kinyumenyume na freti (vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo) za kwanza zinaanza kugusa nyuzi. Sasa mtu anasikia kelele, anakaza, kelele inazidi, anakaza tena, mwisho analeta kwangu gita linalolia kama nyuki kwenye kopo.

Kupima ni dakika moja. Tyuni kwanza kama unavyopigaga siku zote, lipakate kama unataka kupiga, usililaze mezani shingo ikaegemea kitu. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, alafu angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Ikiwa milimita 0.2 mpaka 0.3 shingo yako haina kosa, iache. Mwenye fila geji (vile vibati vya kupimia nafasi ndogo) atumie, asiyenayo agonge uzi pale kwa kidole, usipocheza hata kidogo basi shingo imenyooka mno au imebinuka, hapo unaLEGEZA, hukazi. Robo mzunguko, tyuni upya, pima tena. Sio mzunguko mzima jamani.

Mmoja wa hao watatu gita lake lilikuwa linakwaruza freti ya 1 mpaka ya 4 tu, kwingine kote safi, yaani dalili ya kitabuni kabisa. Nimelegeza robo, ikapungua, robo nyingine, kimya. Kazi ngumu haikuwa hiyo, kazi ilikuwa kupata alenki ya kushika, maana tundu la nati ya trasirodi ni la inchi 1/8 ambayo ni milimita 3.175 na yeye alikuwa analazimishia ya milimita 3, inaingia vizuri ila inacheza, akaitafuna ile nati mpaka ikawa duara. Hilo tundu likiisha kabisa bili yake sio ya kitoto.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote sikiliza kelele iko WAPI. Uzi ukiwa wazi tu ndo unapiga bzzz, ukibana popote unatulia? Hapo mfereji wa uzi kule kichwani mwa gita, kwenye kile kipande cha mfupa au plastiki, umechimbika sana, trasirodi haihusiki. Freti za juu kuanzia 12 huko, angalia kama nyuzi zimeshushwa mno pale kwenye briji (zinapofungwa mwilini mwa gita), au bonde limezidi. Sehemu moja tu, basi freti inayofuata kuelekea kwenye briji imenyanyuka. Chukua kitu kifupi kilichonyooka, kiweke juu ya freti tatu, kikiyumba kama pembea ile ya katikati ndo mchawi.

"Basi nipigie msasa freti zote." Kwa ajili ya freti moja? Mara nyingi imechomoka tu kwenye mbao, inagongwa inarudi. Ukisugua huwezi kurudisha chuma.

"Gita ni jipya, haliwezi kuwa na tatizo." Mbao inavuta unyevu na kuutoa, limesafiri na kukaa stoo, shingo imesogea. Kawaida kabisa.

"Nitaweka nyuzi nene itapona." Inaweza kupungua kweli, kwa sababu nyuzi nene zinavuta zaidi na bonde linaongezeka, lakini ungelegeza robo tu ungepata hichohicho na vidole visingeuma. Ila shingo iliyojisokota, upande mmoja unaenda huku mwingine kule, hiyo trasirodi haiiwezi, usipoteze muda wako.

Na wale wa "nasikia bzzz nikiwa peke yangu usiku." Umechomeka kwenye ampu? Kama kwenye ampu haisikiki na noti haifi mapema, hilo gita ni zima, nyuzi zikiwa chini lazima zinong'one kidogo. Ikisikika mpaka kwenye ampu na noti za juu zinayumbayumba kama zimelewa, angalia pikapu (kile kifaa chenye sumaku chini ya nyuzi kinachonasa sauti), sumaku ikiwa karibu sana inavuta uzi. Ishushe mizunguko miwili upige tena.