Je, divai ya kwenye Biblia ilikuwa juisi tu?

Waumini wengi wamefundishwa kwamba divai inayotajwa kwa wema katika Biblia ilikuwa juisi ya zabibu isiyolevya, na kwamba dini ya Kiyahudi na Ukristo zimekataza kileo tangu mwanzo. Nia ni njema: ulevi umevunja nyumba nyingi.

Lakini zabibu za Palestina huvunwa mwishoni mwa kiangazi, na Pasaka huja miezi kadhaa baadaye. Ganda la zabibu lina hamira ya asili, hivyo juisi iliyokamuliwa huanza kuchacha ndani ya siku chache. Njia ya kuihifadhi kwa joto, iliyotumika makanisani, ilianza Marekani mwaka 1869.

Wayahudi hubariki kikombe cha divai usiku wa Sabato, na usiku wa Pasaka hunywa vikombe 4. Juisi pia inakubalika. Wakatoliki na Waorthodoksi hutumia divai halisi katika ibada. Makanisa mengine hutumia juisi, na wapo Wakristo wasioonja kileo kabisa. Huo ni uamuzi wa dhamiri unaostahili heshima.

Ukitaka kuhakikisha, soma mwenyewe Zaburi 104:15, Mithali 20:1, Hesabu 6:3 na 1 Timotheo 5:23, pamoja na aya zinazozizunguka. Utakuta sifa, onyo, nadhiri ya kujizuia na ushauri kwa ajili ya tumbo. Kisha soma Mwanzo 9:21, ambapo Nuhu analewa divai ya shamba lake mwenyewe.