Mchango wa matibabu ya mtoto: usiombe ya operesheni peke yake

Mimi ni ofisa ustawi wa jamii katika wodi ya watoto wenye saratani. Daktari akishamaliza kuongea na wazazi, mlango unaofuata ni wangu, na swali linaloingia nao karibu kila mara ni lile lile: jumla ni kiasi gani? Siku hiyo hakuna anayeweza kulijibu vizuri. Lakini ikifika jioni mjomba ameshafungua kikundi cha WhatsApp, ameshaingiza ukoo mzima na wafanyakazi wenzake, na tarakimu imeshatajwa. Tarakimu hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nilimsaidia mama mmoja kuandika ujumbe wa kuomba mchango. Binti yake wa miaka minne alikuwa na uvimbe wa Wilms, saratani ya figo inayowapata zaidi watoto wadogo. Tukaandika kwamba anahitaji operesheni ya kuondoa figo, tukataja kiasi, tukaweka picha. Lengo likatimia kabla ya tarehe. Mtoto alipotoka chumba cha upasuaji mama akaandika kikundini: operesheni imefanikiwa, Mungu awazidishie. Zikamiminika pongezi, kisha watu wakaanza kuondoka kikundini mmoja mmoja. Wiki chache baadaye zikahitajika pesa za dawa za miezi iliyobaki. Alipoandika tena, mtu akamjibu, "Si mlisema ameshapona?"

Mpango wa matibabu ulikuwa mezani kwangu siku tunaandika ule ujumbe: dawa kwanza, upasuaji katikati, kisha dawa tena. Nilichagua kipande kinachoeleweka haraka, kwa sababu operesheni haihitaji maelezo. Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, inahitaji.

Ndiyo maana siku hizi nawaambia familia waombe ya safari nzima, na waseme tangu mwanzo safari ni ndefu kiasi gani. Urefu unategemea ugonjwa. Limfoma ya Burkitt, ile inayovimbisha taya au tumbo kwa kasi ya kutisha, hutibiwa kwa miezi michache. Leukemia kali ya limfoblasti, saratani ya damu inayoongoza kwa watoto, huchukua miaka miwili hadi mitatu. Awamu ya kwanza ni kama wiki nne za dawa nzito. Zikiisha, watoto wengi hawaonekani tena na seli za saratani kwenye darubini. Baadaye inakuja awamu ndefu ya vidonge vya kila siku na dawa ya kila wiki. Nywele zinarudi, mtoto anakimbia, anagombana na wadogo zake, na yeyote anayemtazama anasema huyu mzima. Hapo ndipo mchango unapokufa. Nauli ya kliniki inakosekana mara moja, mara mbili, dawa zinarukwa, na ugonjwa uliokuwa umejificha unarudi ukiwa mgumu kuliko mwanzo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona; katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Kuchelewa kugundua ugonjwa kumo katika sababu, na kuacha matibabu katikati kumo pia. Hii ya pili naijua kwa sura. Sijawahi kukutana na mzazi aliyeacha kwa kupuuza.

Sasa hesabu. Muombe daktari mpango wa matibabu kwenye karatasi: jina kamili la ugonjwa, hatua uliyofikia, mizunguko ya dawa ni mingapi, vipimo vinarudiwa lini, kipi kinapatikana hospitali na kipi mtanunua nje. Ukienda na karatasi hiyo kwa mhasibu wa hospitali utapata makadirio ya maana. Kisha ongeza yasiyo kwenye bili, ambayo kwa familia nyingi ndiyo yanayovunja mgongo: nauli za kwenda na kurudi, mahali pa kulala mzazi, chakula chake, kipato kinachopotea mmoja anapoacha kazi, na wale watoto waliobaki nyumbani.

Halafu kuna fungu ambalo familia hulisahau, nami huliita mfuko wa homa. Kemo hushusha chembe nyeupe, zile zinazopigana na vijidudu. Mtoto aliye kwenye dawa akifika nyuzi 38 ni dharura, hata kama anacheza. Antibayotiki za mshipani zinatakiwa zianze mara moja, si kesho asubuhi. Kwa hiyo iwepo pesa taslimu nyumbani, ya usafiri wa saa nane usiku na malipo ya mapokezi, isiyoguswa kwa jambo lingine lolote. Mjomba mmoja aliyekuwa mweka hazina wa mchango aliifunga kwa mpira ndani ya daftari lake, juu akaandika kwa kalamu nyekundu HOMA TU. Ilitumika mara tatu mwaka wa kwanza. Kila ilipotumika alijaza pengo kwanza, ndipo akashughulikia mengine.

Daftari lile nalikumbuka kwa jambo lingine. Hakuomba kiasi kikubwa kwa mkupuo. Aliwaendea watu thelathini, akamuomba kila mmoja ahadi ndogo ya kila mwezi kwa miaka miwili, na kila mwisho wa mwezi akatuma kikundini picha ya risiti pamoja na mstari mmoja: tumemaliza mzunguko wa nne, yamebaki haya. Bila mahubiri. Watu huchoka kuombwa, lakini nimeona hawachoki haraka kujulishwa.

Asiye na pesa mwambieni ana damu. Platileti, chembe za damu zinazosaidia kuzuia kutokwa damu, hukaa siku tano hivi tu kabla ya kuharibika, kwa hiyo wachangiaji kumi wanaopokezana wana faida kuliko hamsini wanaokuja siku moja. Ila muulizeni daktari kwanza: kama kuna mpango wa kupandikiza uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, basi damu ya ndugu wa karibu huepukwa, maana inaweza kuuzoesha mwili wa mtoto kuukataa uboho wao.

Na ndugu yule anayesisitiza "mpelekeni nje"? Muulizeni daktari swali moja: huko nje atapewa nini ambacho hapa hakipo? Wakati mwingine jibu lipo, kama mionzi au upandikizaji. Mara nyingi ni dawa zile zile za zamani, vinkristini na methotreksati, na pesa ya tiketi ingelipia miezi ya matibabu. Anayeahidi tiba ambayo daktari wenu hajawahi kuisikia, na anataka malipo yote mapema, mchango wenu usimfikie.

Kuhusu picha nina msimamo mkali kidogo, wenzangu hunicheka. Mtoto aliyevaa nguo zake na anayekutazama anatosha. Uvimbe ukiwa wazi, mirija, kitanda, namba ya faili ya hospitali, hapana. Matapeli hunakili picha na kubadilisha namba ya kupokelea pesa. Na mtoto akipona, picha ile atakutana nayo akiwa sekondari, mikononi mwa wenzake. Mkubwa kidogo aulizwe mwenyewe. Msichana mmoja wa miaka kumi na mbili aliniambia watumie mchoro wake wa paka, na wakautumia.

Jambo la mwisho ni gumu kulisema mbele ya mzazi, kwa hiyo nalisema mbele ya mjomba. Ujumbe wa kwanza uwe na sentensi inayoeleza pesa zikibaki zitakwenda wapi, mtoto akipona au asipopona. Msipoiandika mapema, itajadiliwa msibani. Wengi huchagua mtoto mwingine wa wodi hiyo hiyo. Yule mjomba wa daftari aliiandika hivi: "Zikibaki, zitalipia nauli ya kitanda cha jirani."