Mshipa wa damu si tyubu ya baiskeli

Ujumbe huu unazunguka tena kwenye magrupu ya Moshi: ukipandisha Kibosho kwa miguu haraka haraka, presha inajaza mishipa kama tyubu ya baiskeli mpaka ipasuke. Kwa mtu mwenye afya, sivyo.

Kinachopanua ateri (mishipa inayotoa damu kwenye moyo) hapo ni mwendo wa damu. Damu ikienda kasi inasugua utando wa ndani, utando unatoa gesi ya nitriki oksaidi, misuli ya ukuta inalegea. Presha peke yake ikipanda, ateri ndogo hujikaza.

Kipimo chake kipo. Mkono unabanwa kwa mkanda wa presha dakika 5, kisha unaachiwa. Damu inarudi kwa kasi, na ndani ya dakika moja hivi altrasaundi inaonyesha ateri imepanuka, mara nyingi asilimia 5 hadi 10. Presha ya mwili ni ileile.

Kinachochanganya ni neno "presha": tunalitumia kwa kipimo, tunalitumia na kwa ugonjwa. Tafadhali, msiusambaze tena ujumbe huu; unawatisha wazee wetu waache kutembea. Aliyeambiwa ana ugonjwa wa presha amuulize daktari wake kiasi cha mazoezi. Na ukipima nyumbani, kaa kwanza dakika 5, mkono usawa wa moyo.