Kukimbia na kukimbizwa: dhana potofu kuhusu watoto na mbio ndefu

Jioni moja mama mmoja alinifuata uwanjani, raba za mwanawe mkononi. Mtoto ana miaka 10 na alikuwa ameomba kujiunga na wenzake wanaokimbia baada ya masomo. "Mwalimu, naambiwa moyo wake bado mdogo. Akienda mbali si utapasuka?" Sijamjibu, baba mwingine aliyekuwa amesimama karibu akadakia. Wake ana miaka 9, naye anataka aingizwe nusu marathoni, yaani kilomita 21 na ushee. "Sisi tulikuwa tunakimbia kilomita 7 kwenda shule, mwalimu. Hawa wa siku hizi mnawalea kama mayai."

Wote wawili wanawapenda watoto wao. Wote wawili wamekosea, mmoja kwa kuogopa mno, mwenzake kwa kutoogopa kabisa. Nimefundisha michezo shule ya msingi kwa miaka mingi, na maneno hayo mawili nimeyasikia kila mwaka, kwa hiyo nayaandika hapa pamoja na ndugu zake.

Dhana: Moyo wa mtoto ni mdogo, mbio ndefu zitauharibu

Ukweli: Moyo ni mdogo kwa sababu mwili wenyewe ni mdogo. Unaendana nao. Mtoto akikimbia kwa nguvu, moyo wake unaweza kupiga mara 200 kwa dakika, jambo ambalo lingemtisha mtu wa miaka 50, lakini kwake ni kawaida. Tena akisimama, pumzi yake inarudi upesi kuliko ya baba yake. Moyo ni msuli na unaimarika kwa kutumika. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kwa siku za shughuli inayowafanya waheme. Mtoto asiyetoka jasho kabisa ndiye wa kumwonea wasiwasi.

Hata hivyo yule mama hakuwa na hofu ya bure kabisa. Wapo watoto wachache wenye kasoro ya moyo ambayo haijagunduliwa. Wengine wamezaliwa nayo. Wengine, na hapa Afrika Mashariki si wachache, wameipata baada ya kuumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa ipasavyo: vijidudu vya kooni huamsha ugonjwa ambao baadaye hula vali za moyo. Kwa hiyo kabla sijampa mtoto ratiba yoyote huwauliza wazazi. Amewahi kuzimia akiwa anakimbia? Analalamika kifua? Anachoka kuliko wenzake wa rika lake? Kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, tunaanzia hospitali, siyo uwanjani.

Mwenye selimundu naye ana utaratibu wake. Anaruhusiwa kucheza, lakini aende mwendo anaoutaka mwenyewe, anywe maji mara kwa mara na apumzike pale anapotaka. Kumlazimisha mchakamchaka wa saa 12 asubuhi kwenye baridi ya Julai ni kumtafutia maumivu, na wapo walimu wanaofanya hivyo kwa kudhani mtoto ni mvivu. Mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kukimbia vizuri tu, mradi dawa yake ya kuvuta iwe karibu.

Dhana: Akikimbia sana atadumaa

Kudumaa kunaletwa na chakula kisichotosha na magonjwa ya kujirudia. Urefu wa mtoto umetoka kwa wazazi wake na kwenye sahani yake, wala hakuna ushahidi kwamba mbio zenyewe hufupisha mtu.

Lakini nadhani watu walioanzisha usemi huu waliona kitu cha kweli, wakakieleza vibaya. Mfupa wa mtoto hurefuka karibu na ncha zake, mahali penye gegedu laini ambalo bado halijawa mfupa. Kwa wasichana magegedu hayo hufunga kwenye miaka 13 hadi 15 hivi, kwa wavulana 15 hadi 17. Kabla ya hapo, sehemu hizo ndizo dhaifu kuliko zote mguuni. Mtoto akiingia kipindi cha kurefuka haraka, mifupa hutangulia, misuli na kano zinabaki nyuma zikiwa zimekazwa kama kamba ya kuanikia nguo, na kila hatua zinavuta pale zilipojishikiza. Maumivu ya kisigino kwa watoto wa miaka 8 hadi 14 mara nyingi yanatoka hapo. Madaktari huyaita kwa jina la Sever, daktari wa Marekani aliyeyaeleza mwaka 1912. Kuna na uvimbe mgumu chini kidogo ya goti, unaoitwa Osgood-Schlatter, kwa majina ya madaktari wawili walioueleza mwaka 1903, kila mmoja katika nchi yake. Haya hayadumazi wala hayalemazi, na kwa kawaida huisha mfupa ukikomaa. Dawa yake kubwa ni kupunguza mbio.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nilikuwa na mvulana wa darasa la sita aliyekuja kuniambia kisigino kinamuuma. Nikamwambia akaze moyo, ni mwili unakua. Akakaza moyo. Miezi mitatu baadaye alikuwa anachechemea hata akienda chooni, na mbio zenyewe akaziacha. Tangu hapo kwangu maumivu yanayorudi mahali palepale siku ya pili ni amri ya kupumzika, hata kama mashindano ni kesho.

Dhana: Mabingwa wa Kenya na Ethiopia wametokana na kukimbia kwenda shule, kwa hiyo kadiri mtoto anavyokimbia mbali ndivyo bora

Hii ndiyo hoja ya yule baba, na ina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Haile Gebrselassie alikimbia kilomita 10 kwenda shule na 10 kurudi, na mkono wake wa kushoto ulibaki umekunjwa namna ya mtu aliyebeba madaftari hata alipokuwa anavunja rekodi za dunia. Tegla Loroupe alikimbia kilomita 10 hivi, peku. Eliud Kipchoge, kilomita 3 na kitu.

Basi zitazameni mbio hizo zilivyokuwa. Ni njia ya udongo, siyo lami. Safari imegawanywa mara mbili, asubuhi na alasiri. Akichoka anatembea, akiona mapera anasimama, akichelewa anaongeza mwendo, akiwa na mwenzake wanapiga soga. Hakuna mtu mzima mwenye saa ya kupimia muda nyuma yake, na mwili umezoea taratibu kwa miaka. Kiswahili chetu kina maneno mawili kwa jambo hili na tunayachanganya: kukimbia na kukimbizwa. Gebrselassie alikimbia. Mtoto wa miaka 9 anayeamshwa saa 11 alfajiri kufuata ratiba iliyoandikwa na baba yake anakimbizwa.

Wilson Kipketer, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 800 kwa zaidi ya miaka 10, aliishi jirani kabisa na shule yake. Akitembea. Na wale maelfu waliokimbia kilomita 8 kila siku na tumbo tupu, wakalala darasani, wakaacha shule, hakuna anayewahesabu tunapotaja mabingwa. Shule kuwa mbali ni upungufu wa madarasa, tusiufanye kuwa kipaji.

Tuwaangalie pia mabingwa wetu walikimbia marathoni, kilomita 42 na ushee, wakiwa na umri gani. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, lakini marathoni yake ya kwanza aliikimbia Hamburg mwaka 2013, miaka 28. John Stephen Akhwari, Mtanzania wa Mbulu, alikuwa na miaka 30 alipoimaliza ile ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 mguu ukiwa umefungwa bandeji. Alphonce Simbu alitupatia Watanzania dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025 akiwa na miaka 33. Kanuni za riadha za kimataifa nazo haziruhusu aliye chini ya miaka 20 kukimbia marathoni ya Olimpiki au ya ubingwa wa dunia. London, Boston na New York wanataka uwe umetimiza 18.

Dhana: Kama mtoto mwenyewe anaweza, basi mwacheni

Mei 2006, nchini India, mtoto aitwaye Budhia Singh alikimbia kutoka Puri kuelekea Bhubaneswar, kilomita 65, kwa saa 7 na dakika 2. Alikuwa na miaka 4. Walikuwa wamepanga afike 70 lakini mwili ulikataa. Watu walijipanga barabarani kumshangilia, na kocha wake, mwalimu wa judo aliyemtoa kwenye umaskini mkubwa na kumlea, alisema mtoto ana kipaji cha pekee. Madaktari wa serikali ya jimbo walipompima walikuta lishe duni, upungufu wa damu na moyo uliokuwa umebebeshwa mzigo. Serikali ikapiga marufuku mbio hizo, baadaye ikamweka kwenye hosteli ya michezo. Jina lake halijaonekana kwenye Olimpiki hata moja.

Siamini kwamba kocha yule alimchukia. Ndilo linalonisumbua. Mtoto wa miaka 4 hujua kumfurahisha mtu mzima anayempenda kabla hajajua kusema "nimechoka". Neno "anaweza" linapima miguu tu.

Marekani wana habari ya Mary Decker, ambaye akiwa na miaka 12 inasimuliwa alikimbia marathoni na mbio nyingine nne ndani ya wiki moja. Akawa bingwa kweli, dhahabu mbili za dunia mwaka 1983. Lakini Olimpiki ya 1976 aliikosa akiwa na miaka 17 tu kwa sababu ya maumivu ya miguu, na miguu hiyo ilipasuliwa tena na tena maishani mwake.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Katika marathoni ya Twin Cities, jimbo la Minnesota, madaktari walipitia kumbukumbu za mwaka 1982 hadi 2007: watoto 310 wa miaka 7 hadi 17 walimaliza, na waliohitaji tabibu siku hiyo walikuwa 4 tu. Kule Los Angeles kuna mpango wa Students Run LA, ambapo wanafunzi hufanya mazoezi kwa miezi mingi pamoja na walimu wao kisha wakakimbia marathoni ya jiji, na wengi mno humaliza. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliandika mwaka 2007 kwamba hakioni sababu ya kumzuia kijana anayeifurahia marathoni na asiye na maumivu yoyote. Nayaheshimu hayo. Ila hesabu ya siku ya mashindano haituelezi kisigino cha mwezi uliofuata, na chama hichohicho kinataka mtoto apumzike siku 1 au 2 kila wiki, apate miezi 2 au 3 kwa mwaka mbali na mchezo wake, na nyongeza ya mazoezi isizidi asilimia 10 kwa wiki.

Kipimo changu mimi ni hiki: chini ya miaka 9, michezo ya kukimbizana na kilomita 1 hadi 3 kwa furaha. Kuanzia 9 hadi 12, isizidi 5. Kuanzia 13 hadi 15, 10 inatosha. Nusu marathoni isubiri 16, na nzima isubiri 18. Kilimanjaro Marathon pale Moshi huwa na mbio za kilomita 5 za kujifurahisha, hizo ndizo za watoto.

Dhana: Msichana akikimbia sana hatazaa

Dunia iliwahi kuamini hivyo. Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, wanawake walipokimbia mita 800, magazeti yalidai walianguka ovyo, na mbio hizo zikafutwa kwao hadi mwaka 1960. Mbio haziharibu kizazi.

Kinachoharibu ni msichana kukimbia wiki nzima huku anakula uji mtupu asubuhi na ugali kidogo usiku. Mwili usiopata chakula cha kutosha hufunga hedhi ili kubana matumizi, na homoni zikishuka mifupa nayo hukosa uimara katika umri ule ule ambao ingepaswa kujijenga. Kuna makocha wanaowaambia wasichana kwamba kukosa hedhi ni dalili ya mazoezi kukolea. Si kweli kabisa. Ni dalili ya njaa, na akikosa miezi 3 mfululizo apelekwe hospitali.

Dhana: Mtoto hawezi joto, na bila raba za bei hawezi mbio

Kuhusu joto, wataalamu walibadili mawazo. Zamani ilidhaniwa mwili wa mtoto hushindwa kujipoza, lakini mwaka 2011 madaktari wale wale wa watoto walitamka kwamba mtoto aliyekunywa maji ya kutosha hana udhaifu huo. Tatizo ni kwamba akicheza husahau kunywa. Wapangieni muda wa maji, na Dar es Salaam au Tanga msiwakimbize saa 8 mchana.

Raba, mtoto aliyezoea kukimbia peku hukanyaga kwa wepesi kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Hofu yangu kwake ni miiba, chupa na minyoo ya safura. Raba ya kawaida inayomtosha inafaa.

Yule mama aliniachia raba zake. Siku ya kwanza mtoto alikimbia kilomita 2, katikati akasimama kumsubiri mwenzake afunge kamba, wakaendelea wakicheka. Sikupuliza filimbi. Walipofika nilimuuliza swali moja ninalowauliza wote: "Kesho kutwa unakuja?" Akaniangalia kama vile nimeuliza kitu cha ajabu. "Kwa nini siyo kesho, mwalimu?"